Uzuri wa Mkakasi: Tuliyojifunza Katika Kusafisha Mashine za Gemu



Kwanza tunawashukuru wahariri wa jarida letu kwa kutupa nafasi hii. Sisi ni watatu, tuliosoma chuo hiki hiki na kukaa kwenye majamvi haya haya mnayokaa nyinyi leo. Walipotufuata kututaka tuandike chochote kwa ajili ya toleo la mwaka huu tuliona haya, kwani sisi si waandishi. Kazi yetu inajulikana mtaani: tunanunua mashine za gemu zilizokwisha tumika, chafu na mbovu, tunazifungua, tunazisafisha, tunazitengeneza, kisha tunaziuza. Basi tukaona tuandike juu ya hiyo, maana ndiyo tunayoijua.

Wapo miongoni mwenu wanaokuja kibarazani kwetu baada ya Alasiri kutaka kujifunza. Na wapo wazazi wanaouliza gemu zina faida gani hata vijana wazima wakae wanazipangusa kama vyombo vya shaba. Hatukuja hapa kumsifu mtu kwa kucheza gemu wala kumlaumu. Kila mzee anajua mtoto wake na saa zake. Tunachotaka kueleza ni kazi ya mikono, pamoja na jambo moja lililotufika ndani ya kazi hiyo, ambalo mpaka leo tukilikumbuka tunainamisha vichwa.

MWANZO WETU

Ilikuwa mwaka 2013, skuli zimefungwa. Mmoja wetu alikwenda Darajani kutafuta viatu vya mtumba, akarejea bila ya viatu. Mkononi alishika Game Boy Color ya rangi ya zambarau, aliyoichomoa kwenye rundo la midoli kwa shilingi elfu tatu. Mashine hiyo ya mkononi ilianza kuuzwa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1998, kwa hiyo umri wake ulikuwa karibu sawa na wetu. Ilikuwa inanata mithili ya sahani iliyoliwa halua. Pembezoni mwa vitufe palikuwa na uchafu mweusi uliogandamana, na tulipofungua mahali pa betri tukakuta ukoga mweupe uliochanganyika na kijani.

Sisi tulitaka kutia betri mbili na kuiwasha papo hapo. Jirani yetu mmoja, mzee fundi redio, akatuzuia. Alisema, "Wanangu, kitu kichafu hakijaribiwi. Kinasafishwa kwanza, ndipo kikaulizwa kama ki hai." Maneno hayo ndiyo somo letu la kwanza, na mpaka leo ndiyo sheria ya kibarazani kwetu.

Mzee huyo ndiye aliyetufahamisha kuwa maji yanayovuja kwenye betri za alkalini ni makali kama magadi, na dawa yake ni kitu kichachu: siki au ndimu. Tuliichovya pamba kwenye siki, tukagusa ule ukoga kidogo kidogo. Ukatoa povu, ukalainika, tukauondoa. Kisha tukapangusa kwa pamba yenye maji safi, na mwisho kwa spiriti ili unyevu wote ukauke. Vile vyuma vya betri vikaonekana tena, vingine vimeliwa kidogo lakini vizima.

Kuifungua ilikuwa kazi nyingine. Skrubu zake hazina msalaba kama tulivyozoea, bali zina mbawa tatu, na bisibisi ya namna hiyo hatukuwa nayo. Tulichukua bisibisi bapa ndogo, tukaisugua juu ya jiwe la kunolea visu mpaka ncha yake ikaweza kushika. Leo tunazo bisibisi za kila aina, lakini ile ya jiwe bado tumeiweka.

Ndani tulikuta mchanga, nywele na punje moja ya mchele. Tulitoa bodi tukaiweka kando juu ya kitambaa kikavu, ndipo tukaosha lile ganda tupu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki uliochakaa. Chini ya vitufe mna mpira laini wenye vidoa vyeusi vya kaboni. Vidoa hivyo ndivyo vinavyofunga njia ya umeme kila kitufe kinapobonyezwa, na ukivisugua kwa nguvu unavimaliza. Tulivipangusa kwa wepesi, kama mtu anavyompangusa mtoto machozi. Kaseti yake nayo tulisafisha meno yake kwa kijiti cha pamba na spiriti. Wengi wetu tulizoea kupuliza kaseti kwa mdomo. Msifanye hivyo, kwani pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu.

Tuliviacha vyote vikauke usiku kucha. Asubuhi tukafunga, tukatia betri, tukawasha. Herufi zikatokea zikiwa na rangi zake na ule mlio wake mdogo. Tulipiga makelele hata bibi akatoka uani kuuliza kama kuna aliyeungua. Siku ile tuliionja furaha ya kukirejeshea uhai kitu ambacho watu wamekwisha kukitupa.

MASHINE KUBWA NA WAKAAZI WAKE

Kutoka hapo tukaingia kwenye PlayStation 2. Mashine hii ya Sony ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Machi 2000, na dunia nzima zimeuzwa zaidi ya milioni 155. Ilikuwa inacheza gemu na filamu za DVD pia, ndiyo maana ilienea hata kwenye vibanda vya mitaani ambako watoto hulipa kwa kila mechi. Utengenezaji wake ulikuwa umekwisha tulipoanza sisi, lakini za mtumba zilijaa. Tulikuwa tukinunua mbovu kwa shilingi elfu ishirini au thelathini.

Mwenye kutaka kujua nyumba ya mtu ilivyo, basi aifungue mashine yake ya gemu. Tumekuta vumbi limegandamana kwenye feni mpaka imekuwa kama blanketi. Tumekuta sarafu, kadi za simu, maganda ya njugu na penseli. Lakini wakaazi wakubwa ni mende. Mende hupenda mahali penye joto na giza, na ndani ya mashine iliyowashwa kutwa viko vyote viwili. Wanazaa humo, wanakufa humo, na uchafu wao unakula bodi.

Ndiyo maana mashine ya mtumba hatuingizi ndani ya nyumba siku ya kwanza. Tunaitia kwenye mfuko wa plastiki, tunaufunga barabara, tunauweka nje. Tunaifungua uani, mdomo na pua tumefunika, na mikono tukishamaliza tunaosha kwa sabuni kabla hatujagusa chakula. Hili la mikono si la usafi tu. Bodi nyingi za zamani zimechomelewa kwa lehemu yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuizuia katika vifaa vya umeme mwezi wa Julai 2006, lakini mashine za kabla ya hapo bado ziko mikononi mwetu.

Tulijifunza mengine kwa hasara. Siku moja tulipata mashine safi kabisa iliyotoka Japani. Tukaichomeka ukutani kwa furaha, ikatoa mlio mmoja na harufu ya kuungua, ikanyamaza. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Nyuma ya mashine pameandikwa wazi, ila sisi hatukusoma. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo hatuchomeki kitu ila baada ya kusoma kibandiko chake.

Jambo jingine ni lile sanduku la umeme lililomo ndani. Hata ukiichomoa mashine, baadhi ya vifaa vyake huendelea kushika umeme kwa muda, na umeme huo unaweza kumdhuru mtu. Enyi wadogo zetu, sehemu hiyo msiiguse mpaka awepo fundi mkubwa pamoja nanyi.

Baada ya vumbi na mende, kazi iliyobaki kwenye PlayStation 2 huwa ni leza. Sidi inapozunguka, chini yake pana kijicho kidogo cha kioo kinachotupa mwanga na kusoma. Kijicho kikipata vumbi au moshi wa jikoni, mashine husema haiwezi kusoma. Mara nyingi kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, kinatosha. Spiriti ya kidonda ya dukani si nzuri kwa kazi hii, kwani nyingine ina mafuta ndani yake yanayobaki kwenye kioo. Unapangusa kwa wepesi, unaacha kikauke, na mashine inasoma tena.

Lakini leza nayo ina umri wake. Ikifika mwisho hata ukiipangusa siku nzima haisomi. Na hapo ndipo yalipoanzia masaibu yetu.

KISKRUBU KIDOGO

Kwenye kichwa cha leza pana kiskrubu kidogo mno, hakizidi punje ya mtama. Kazi yake ni kupanga kiasi cha umeme unaoingia kwenye leza. Ukikizungusha upande mmoja mwanga unazidi nguvu, na leza iliyochoka inasoma ghafla kama kijana. Ila inakuwa kama taa ya mafuta iliyopandishwa utambi mpaka juu: mwanga unakuwa mkali, na utambi unakwisha upesi. Leza ambayo pengine ingebaki inasitasita kwa miezi mingi inaweza kufa baada ya wiki chache. Hayo tuliyajua. Tunaomba msomaji alishike neno hilo, kwamba tuliyajua.

Ilikuwa mwaka 2015, siku chache kabla ya Sikukuu. Tulikuwa na mashine moja iliyokataa kusoma. Tulikuwa tumekwisha kuinunua, tumeisafisha kwa siku tatu, na fedha ya kununua leza nyingine hatukuwa nayo. Nguo za Sikukuu tulizitaka. Hatukukaa kushauriana. Mmoja akashika bisibisi, mwengine akashika tochi, wa tatu akatia sidi. Kiskrubu kikazungushwa, sidi ikasoma. Hakuna aliyesema kitu.

Kisha tukaisafisha ile mashine kwa nje kuliko mashine yoyote tuliyopata kuisafisha. Tuliipitia kila mfereji kwa kijiti cha meno. Tulisugua mikwaruzo kwa dawa ya meno. Pedi zake mbili tulizifungua tukaziosha mpaka zikanukia sabuni. Sasa tunafahamu kwa nini tulijitahidi vile: mkono ulikuwa unajaribu kulipa deni la moyo.

Alikuja mama mmoja, mpika maandazi, tunayemjua kwa sura. Alikuwa amemuahidi mwanawe mashine akifaulu mtihani, na mtoto amefaulu. Fedha ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga, noti ndogo ndogo, jumla yake elfu tisini. Alisema, "Wanangu, mimi mambo haya siyajui. Nzima hii?"

Tukamjibu, "Inafanya kazi, Bi. Tazama mwenyewe." Tukaiwasha, gemu likatokea kwenye televisheni, akafurahi, akalipa, akaenda zake.

Ndugu zetu, litazameni jibu lile. Hamna neno hata moja la uongo. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na aliitazama mwenyewe. Lakini yeye hakuuliza kama inafanya kazi saa ile. Aliuliza kama ni nzima. Sisi tulilijibu swali ambalo hakuliuliza, ili tusilijibu lile aliloliuliza.

MAMA ANARUDI

Wiki tatu baadaye alirudi, mashine ameifunga kwenye kanga. Tulipomuona anapinda kona tulijua. Tulijiandaa kwa ugomvi. Tulikwisha kupanga hata maneno, kwamba mtumba ni bahati, kwamba hatukumpa ahadi ya muda.

Hakugomba. Aliiweka chini taratibu akasema, "Wanangu, niwieni radhi. Mwanangu ameiharibu. Mlinipa nzima, mimi mwenyewe niliiona. Nimemwambia aseme alichokifanya, anaapa hakufanya kitu. Nimemtandika, kwani mtoto akizoea uongo ataharibika. Mnaweza kuitengeneza? Nitalipa kidogo kidogo."

Hatujui kama tunaweza kuwaeleza ilivyokuwa kusimama pale. Kama angetutukana ingekuwa nafuu. Mtoto amesema kweli, akapigwa kwa kusema kweli, na uongo ulikuwa wetu. Na mama yule alikuwa ametupa njia ya kutokea bila ya kujua. Tungeweza kusema "Haya Bi, tutaitazama," tukaibadilisha leza, tukamtoza kidogo, na kisa kikaisha pale. Hapana mtu duniani angejua ila sisi watatu, na Mola wetu.

Na tunakiri kwamba ndivyo tulivyosema: "Haya Bi, tutaitazama." Akashukuru, akaenda.

Usiku ule tuligombana sisi kwa sisi. Mmoja alisema tuitengeneze bure, inatosha. Mwengine alisema tumrejeshee fedha na tumwambie kwamba leza ilikufa kwa uzee. Wa tatu hakusema kitu, bali alivaa kofia yake akatoka, nasi tukamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwa Maalim, tukamkuta kibarazani kwake anakunywa kahawa.

Tulimueleza yote. Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Tulitaraji hotuba ndefu. Akauliza tu, "Mnakikumbuka kile kisa cha sokoni, cha muuza nafaka?" Tukasema tunakikumbuka. Kila aliyepita chuoni anakijua: lile rundo la nafaka lililokuwa kavu kwa juu, na mkono ulipoingizwa ndani vidole vikatoka na umaji. Akasema, "Haya, nyinyi mlikuwa mnaianika ya juu." Tukanyamaza. Tukamwambia kwamba tumekusudia kurejesha fedha yote. Akatikisa kichwa, akanywa kahawa yake, kisha akauliza maneno mawili: "Na mtoto?"

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa elfu tisini lilikuwa deni jepesi.

Fedha tulikuwa tumeimaliza kwa nguo. Tulitafuta kila kilichokuwepo tukauza: mashine nyingine mbili kwa bei ya hasara, seti ya bisibisi, na ile Game Boy Color ya zambarau, ya kwanza kuifufua. Siku ya nne tukatimiza elfu tisini. Tukaenda nyumbani kwa yule mama baada ya Magharibi.

Tulimuomba amwite mwanawe. Alikuja mtoto wa miaka kumi na moja hivi, akasimama nyuma ya mlango. Tukamsalimu mama kwa adabu, tukasema mbele ya mtoto, "Bi, mwanao hakuharibu kitu. Tulikuuzia mashine tukijua ina kasoro, na kasoro hiyo tuliificha. Alikwambia kweli. Fedha yako hii hapa yote. Na wewe mdogo wetu, tunakuomba msamaha, kwani umepigwa kwa kosa letu."

Mama hakutujibu kwa muda mrefu. Hakututazama sisi, alikuwa anamtazama mwanawe. Mtoto naye hakulia wala hakucheka. Alisema, "Nionyesheni." Tulikuwa na mfuko wa bisibisi chache zilizobaki. Tukaifungua ile mashine juu ya mkeka, tukamuonyesha kichwa cha leza na kile kiskrubu. Akakitazama karibu kabisa, akasema, "Kadogo hivi?" Tukasema, "Ndiyo, kadogo hivyo."

Mama akamshika mwanawe begani akamvuta kwake, kwa lile tendo tu. Kisha akatuambia, "Haya wanangu, nimesikia. Kwaherini." Hatukukaribishwa chai, na haikuwa haki yetu kukaribishwa. Hakununua tena kitu kwetu, wala hatumlaumu. Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Tukikutana njiani hutusalimu, nasi humuitikia.

TUNAVYOFANYA SASA

Baada ya hapo tulianza upya bila ya kitu. Tuliweka kanuni moja, na hiyo ndiyo tunayotaka kuwaachia nyinyi mnaokuja nyuma yetu. Kila mashine inayotoka kibarazani kwetu hutoka na karatasi. Juu yake tunaandika kwa mkono: nini tumesafisha, nini tumebadilisha, na nini ni dhaifu. Tunaandika, kwa mfano, "Leza ni ile ya zamani, inasoma lakini imechoka," au "Kitufe cha kushoto huhitaji kubonyezwa kwa nguvu." Mnunuzi anaisoma, na asiyejua kusoma tunamsomea. Kisha anaamua mwenyewe na bei inapangwa kwa hayo.

Mwanzoni tulipoteza wateja. Mtu akisoma "imechoka" huenda kwa muuzaji mwengine ambaye yake, kwa maneno yake, haijapata kuchoka. Baadaye wengine walirudi, na wakaja na wenzao. Hatusemi kwamba tumetajirika. Tunasema kwamba tunalala.

Karatasi ile imetubadilisha hata sisi katika kusafisha. Chukueni mfano wa Game Boy ya mwanzo kabisa, ile ya kijivu ya mwaka 1989. Plastiki yake ikikaa sana huweza kugeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Tangu mwaka 2008 wapenzi wa mashine kongwe wamekuwa wakitumia haidrojeni peroksaidi kuirejesha rangi, na krimu yake hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya saluni kwa ajili ya nywele. Unavaa glavu, unapaka kwenye ganda tupu, unafunika kwa plastiki nyembamba, unaliweka juani huku ukiligeuza ili lisitoke mabaka. Jua letu linafanya kazi hiyo vizuri mno. Lakini plastiki iliyozeeka haiwi ngumu tena kwa sababu imekuwa safi, na umanjano unaweza kurudi. Basi nasi tunaandika: "Rangi imerejeshwa kwa dawa." Kusafisha si kosa, na kupendezesha si kosa. Kosa ni pale usafi wa nje unapotumwa kwenda kusema uongo juu ya ndani.

Kwa wale wanaotaka kuanza, tunawausia haya machache:

1. Chomoa umeme na toa betri kabla ya kugusa chochote. Sanduku la umeme mwachie fundi.

2. Usiwashe kabla ya kusafisha. Soma volti kwenye kibandiko.

3. Piga picha kila hatua unapofungua, na panga skrubu kwenye sahani kwa mpangilio, kwani hazilingani urefu.

4. Maji na sabuni ni kwa maganda matupu tu. Bodi ni kwa alkoholi, mswaki laini na subira. Alkoholi usiipake kwenye kioo cha plastiki, kwani huweza kukitia ufa na ukungu.

5. Betri bapa ya mashine za mkononi ikivimba usiitoboe wala usiikandamize. Usiichaji tena, iweke mbali na moto, na umtafute mkubwa.

6. Usichome bodi wala waya motoni. Moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

7. Kiskrubu cha leza kiache. Na kama fundi amekigusa, andika.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulikuwa tukilisikia neno hilo tangu udogoni tukidhani linasemwa juu ya watu wengine. Ile Game Boy ya zambarau hatujaipata tena. Tulisikia ilinunuliwa na mtu wa Pemba kwa ajili ya mtoto wake. Ilipoondoka kwetu, vyuma vyake vya betri vilikuwa vimeliwa kidogo, na tulimwambia aliyeinunua. Hilo linatupa faraja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie sote mikono safi na ndimi za kweli. Mnakaribishwa kibarazani baada ya Alasiri. Njooni na mswaki wa zamani.

Wabillahi tawfiq.